Shati la Mwana wa Nafula

Nakumbuka Jumapili moja kule Burumba, mjukuu wangu, na kila nikiikumbuka naona haya. Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimeolewa na Wandera juzi tu, nauza mitumba karibu na mpaka wa Uganda, mdomo wangu haujui breki. Mama Ajiambo, mjane mzee kutoka Funyula, alikuwa na hoteli yenye televisheni. Tukitoka kanisani tulijazana humo kumtazama mhubiri mmoja aliyekuwa akihubiri huku analia.

Watu hawakupatana juu yake. Wenye boda boda walisema anajipaka kitunguu machoni. Wengine walisema ni mtumishi wa kweli, sisi tuna wivu tu. Mimi nilisema ni mwongo, tena kwa sauti.

Siku hiyo mhubiri aliwaambia wenye shida waguse kioo cha televisheni. Akasimama Nafula, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, rafiki yangu ingawa alinizidi umri. Mwanawe alikuwa amevuka kwenda Uganda kutafuta kazi, mwaka ukaisha bila habari. Nafula alitoa shati la kijana huyo kwenye kikapu, akalibandika juu ya kioo, akafumba macho.

"Dada Nafula, hiyo shati leta kwa kibanda yangu," nikasema. "Huyo mtu ako na suti tayari!"

Hoteli nzima ikacheka. Nafula akalikunja shati, akatoka, chai yake ikabaki mezani.

Mama Ajiambo alizima televisheni. "Wewe, bibi ya Wandera. Umesema mhubiri ni mwongo. Sawa. Na Nafula, yeye amekudanganya nini?"

Nafula hakurudi hotelini. Baadaye nikasikia amehamia soko la Malaba, nikamfuata. Nilimkuta akitua gunia la omena kutoka kichwani. Ngata aliyoiweka chini ya gunia ilikuwa lile shati, amelizungusha duara, linanuka samaki.

Nikamwomba msamaha.

"Nilikusamehe kitambo," akasema. "Lakini kuomba siwezi tena. Nikifumba macho nasikia mnacheka."

Yule kijana hakuonekana tena, hata siku tulipomzika mama yake. Na nikwambie linaloniuma zaidi: nusu ya wateja wangu walitoka Uganda, na sikumuuliza hata mmoja kama amemwona mtoto wa Nafula. Kucheka niliweza. Kuuliza, hapana.

Sasa nisikilize. Siku hizi wahubiri wako hadi ndani ya simu yako. Wachunguze, uangalie wanavyoishi. Yule wa televisheni mimi simwamini hata leo. Lakini ukimkuta mtu amefumba macho, nyamaza. Ukiona anadanganywa, mngoje amalize, mwambie mkiwa wawili, kisha umsaidie kubeba shida yake.

Mungu akupe macho ya kumjua mwongo, na akufunge mdomo mbele ya anayelia. Na siku utakapofumba macho yako kuomba, usisikie kicheko cha mtu yeyote.