Do ya Mzee Chen

"Debe tupu haliachi kuvuma," walisema majirani zetu wa Sibwesa waliposikia najifunza Kichina. "Mtoto wa Kirundi, Kiswahili chenyewe anakiimba, ndiyo ataweza Kichina?" Wenyewe wapo, waulizeni. Nimerudi kutoka hukohuko China na diploma, nayo nimeitundika sebuleni ili mgeni aione kabla hajakaa.

Msimu ule wa miaka ya tisini, hewa ilinuka tumbaku inayokaushwa, na kutoka kambi ya Wachina wachimba visima ikatujia harufu ya vitunguu saumu. Mpishi wao, Mzee Chen, alikuwa na sauti nzito iliyotulia. Mama alinituma kumpelekea matembele, naye akanifundisha maneno. Katika lugha yake, sauti ikipanda ni neno moja, ikishuka ni jingine. Wenzangu walishindwa. Mimi nilikuwa mwanakwaya, nikayapanga maneno yake kwa do-re-mi: maji yalilala chini kwenye do, mboga ilianzia so ikadondoka. Sikukosea hata mara moja, na kijiji kizima nilikitangazia.

Kisha malaria ikamwangusha Mzee Chen. Wenzake walikuwa wameenda na mtambo kijiji kingine, hivyo nesi wa zahanati akaniita, nikaenda na Mama.

"Haya, mkalimani. Mzee anasema nini?"

Homa ilikuwa imeipandisha sauti yake, imekuwa nyembamba kama ya mtoto. Niliitafuta do pale nilipoizoea, haikuwepo. Kila neno lilikuwa juu, hakuna lililolala chini. Sikujua bado kwamba kila msemaji ana chini yake na juu yake, na sikio lazima lizipate kwanza ndipo lipime. Kila Jumapili kwayani besi na soprano walianzia mahali tofauti, wimbo ukabaki uleule, na mimi niko katikati yao. Mzee alinishika mkono, akarudia polepole, kama mtu anayesema na wa kwao.

"Mama yake, si nyie mlisema anajua?" nesi akauliza.

"Sikiliza vizuri, mwanangu," Mama akaninong'oneza.

Nilisikiliza mpaka machozi yakanitoka. Adhuhuri gari la wenzake likaja kumpeleka hospitali Mpanda. Alifia njiani.

Mcheza kwao hutunzwa, nami leo natunzwa. Nawatafsiria Wachina wa migodini, na hata bibi zao wakipiga simu, maneno mawili yananitosha kujua sauti imekaa wapi. Lakini sentensi ile ya Mzee Chen ninayo kama wimbo tu. Nimewaimbia Wachina watatu. Mmoja alisema mzee aliomba kitu, mwingine akasema alimwita mtu, wa tatu, amekaa sebuleni kwangu, akaniuliza, "Yeye mwenyewe siku hiyo sauti yake ilikuwa inaanzia wapi?" Diploma yangu ilikuwa ukutani, juu ya kichwa chake. Nikamwambia sijui.