Maji ya Kunawa

Kila ninaposikia harufu ya sabuni ya mche, namwona mama na jagi lake uani kwetu Mlola.

Vijana watatu Wahabeshi walikamatwa msituni wakielekea kusini bila vibali. Askari aliwafunga kamba mikononi, akawakalisha uani kwetu kusubiri gari kutoka Lushoto. Mama akaipua viazi na maharage, kisha akawaendea na jagi la maji na kipande cha sabuni.

"Mama, hawa wameingia nchini kinyemela," askari akamwonya.

"Utawapeleka, afande. Lakini kwangu hapa mtu hali kabla hajanawa."

Akasimama na jagi mbele ya mikono iliyofungwa, hasogei. Viazi vikaanza kupoa. Askari akazifungua kamba, moja moja. Walipokwisha kunawa, akanyoosha na yeye mikono yake. Mama akamnawisha wa mwisho.