Asipige Mtu Windo

Kila Desemba kaka yangu mkubwa hupanda kwetu Uru, mlimani juu ya Moshi, kutoka Dar es Salaam, na kila Desemba huja na vitu alivyochoka navyo. Mwaka mmoja yalikuwa mapazia. Mwaka mwingine lilikuwa jokofu lisilogandisha, ambalo mama anahifadhia pumba za ng'ombe. Na mwaka mmoja, baba akiwa bado hai, alishusha kompyuta ya mezani iliyotupwa na ofisi yake, akaiita zawadi, tena kwa hotuba.

Baba hakuipenda tangu siku ya kwanza. Iliwekwa pale palipokuwa na redio yake, na mama akaifunika kitambaa cha kufuma chenye maua ya manjano. Krismasi hiyohiyo kaka alibandika kamera ndogo juu ya skrini, akamkalisha baba mbele yake na kumrekodi, ili tuone maendeleo. Ile video ilibaki humo. Kaka alisema ataihamishia kwenye flashi. Ahadi za huyu kaka yangu zingekuwa migomba, tungelisha mkoa mzima.

Baba alifariki, na baadaye kompyuta nayo ikagoma. Ukibonyeza, feni inazunguka, unatoka mlio mmoja mrefu, kimya, kisha mlio tena, na skrini nyeusi tii.

Mtu asiyeijua nyumba yetu angesema itupwe. Lakini kwetu mwanamke huenda kwa mumewe na jina la ukoo wa baba yake. Akizaa anakuwa mama fulani, wajukuu wakija anakuwa bibi, na jina lile linabaki midomoni mwa wale waliomjua akiwa msichana. Kwa mama walikuwa kaka zake na mumewe. Kaka zake wote wamekwisha. Baba alikuwa wa mwisho kumwita hivyo, na kwenye video ile anamwita.

"Nataka nilisikie mara moja tu," mama aliniambia akichambua maharage, "kabla masikio hayajafunga duka."

Yalikuwa yanafunga kweli. Siku hizi kumwambia chai iko tayari ni kupiga mbiu.

Basi nikaibeba kompyuta hadi Moshi mjini kwa fundi. Aliitazama kama mchinjaji anavyomtazama mbuzi.

"Hii tupige windo tu, dada."

"Na vilivyomo?"

"Vitaondoka. Lakini itakuwa kama mpya."

Hakulegeza hata skrubu moja. Kupiga windo, yaani kufuta kila kitu na kuweka Windows upya, ndiyo dawa yao ya kila ugonjwa. Mashine ikizima, piga windo. Ikiwa nzito, piga windo. Ukiwapelekea pasi ya mkaa, wataipiga windo nayo. Nikabeba mzigo wangu nikarudi nao mlimani.

Desemba iliyopita kaka akafika, na kabla hata ya kumaliza mtori wake akakunja mikono ya shati.

"Hebu nipishe."

Aliipiga kofi ubavuni. Akaipulizia kwa mdomo. Akabadilisha soketi, akailaumu soketi, akaulaumu umeme wa Uru, kisha akanilaumu mimi kwa kuiweka karibu na moshi wa jiko, ilhali jiko letu liko nje. Debe tupu haliachi kuvuma, na siku hiyo yalikuwa madebe mawili mbele ya macho yangu. Alipoishiwa, akatia mkono mfukoni.

"Aisee, dawa ya hii ni windo. Ninayo kwenye flashi."

Leo flashi ilikuwepo! Ya kumwokoa baba haikupatikana, ya kumfuta ilikuwa mfukoni. Nilimdharau saa ile mpaka nikahisi joto masikioni, na sikuona haja ya kuficha. Nikasimama kati yake na meza.

"Asipige mtu windo humu ndani."

"Wewe unajua nini kuhusu kompyuta?"

"Najua kwamba wewe hujui."

Mama alitutazama midomo, akaelewa vya kutosha. "Gombaneni," akasema. "Mimi naenda kumenya ndizi." Akatoka kwenda jikoni, na mgongo wake ulionyesha kwamba ameshakata tamaa.

Nilitafuta kwenye simu maana ya mlio ule. Kumbe mashine ilikuwa inalalamikia kumbukumbu, kile kibao chembamba ambacho mafundi hukiita ramu. Nikafungua ubavu wa bati. Ndani mende walikuwa wameanzisha ukoo wao, na vumbi limelala kila mahali, kwa kuwa kile kitambaa cha maua kiliziba hewa miaka yote. Kaka akarudi nyuma na raba zake nyeupe. Nikakichomoa kibao, nikasugua meno yake kwa kifutio cha penseli, nikakirudisha na kukikandamiza mpaka kikaitika. Kaka akasema huo ni mchezo wa watoto. Nikabonyeza.

Skrini ikawaka. Betri ndogo ya ndani ilikuwa imekufa, kwa hiyo tarehe iliyoandikwa ilikuwa ya zamani mno, kabla ya msiba wetu.

"Hata tarehe haijui," kaka akasema, yeye ambaye hajui hata bisibisi inashikwa wapi.

Nikaifungua video. Baba akatokea, kidevu kimejaa skrini, akiikazia kamera macho aliyokuwa akiwakazia wanunuzi wa kahawa. Pale msibani kaka aliwatangazia watu kwamba mzee alituachia baraka kwenye kompyuta. Baraka zenyewe ni hizi:

"Hili dude linanikodolea macho ya nini? Mtoto kasoma miaka yote hiyo, anatuletea bati!"

Nilicheka mpaka nikashika meza. Kumbe dharau yangu nimeirithi kwa mwenyewe. Kaka akanyoosha mkono haraka apunguze sauti, nikaupiga ule mkono. Baba akageuza shingo, akaita jina lile la ukoo, kwa sauti ya mtu anayetaka chakula chake.

"Nakuja!"

Ilitoka jikoni. Mama, ambaye asubuhi nilimwita nikiwa nyuma yake asigeuke, aliingia na kisu mkononi na utomvu wa ndizi vidoleni, akasimama mlangoni. Video ikaisha, baba akaganda na mdomo wazi.

Kaka akaanza kumweleza jinsi tulivyoitengeneza mashine.

"Nyamaza," mama akamwambia. Akavuta kiti, akakaa karibu kabisa na skrini, kisha akanigeukia mimi.

"Mrudishe pale aliponiita."