Ndoo ya Udongo Kando ya Bomba

Mvua za masika zilipolijaza bonde la Jangwani, maji yalipanda na vitu vyake: masufuria, viatu vya upande mmoja, na mbwa wa rangi ya chai ya maziwa aliyejikokota mpaka uchochoro wa nyuma ya duka langu, Kariakoo, akajilaza juu ya vipande vya vitenge nilivyovitupa. Mguu wake mmoja wa nyuma ulikuwa umevunjika. Asubuhi ile mtaa mzima ulikuwa umelowa na kutulia, hata wachuuzi walizungumza chinichini, nami nilisimama na funguo mkononi kama mtu ambaye hajaamka sawasawa. Akapiga mkia mara moja juu ya kitambaa. Nikampenda. Sina maelezo mengine.

Asili yangu ni Kilwa. Naishi na shangazi yangu, mjane anayedarizi kofia, katika nyumba ya zamani yenye ua. Jioni ile alinitazama mikono tu.

"Umeshika mbwa."

"Amenilamba, Shangazi."

"Basi simama hapo hapo. Osha mara saba, na moja iwe kwa udongo."

Ndivyo tulivyofundishwa madrasa. Tatizo ni kwamba Kariakoo haina udongo. Kuna saruji, kuna lami, kuna maganda ya machungwa na maboksi yaliyolowa, lakini udongo wenyewe utautafuta mpaka uchoke. Mwishowe nikachota kwenye chungu chake cha mrehani. Aliniangalia nikiubomoa mrehani wake, kisha akaokota majani yaliyoanguka, moja moja; bora angenitukana.

Daktari wa mifugo niliyemwita alipiga magoti uchochoroni, akamshikashika yule mbwa, akainuka akifuta mikono.

"Mguu umeanza kuoza. Lazima ukatwe."

"Si uukate?"

"Nikiukata halafu alale hapa kwenye maji machafu, kidonda kitamuua, tena kwa mateso. Nitafutie kwanza nyumba ya kumpokea. Nakusubiri mpaka Ijumaa. Ukikosa, nitamchoma sindano alale moja kwa moja."

Alisema kwa upole, na upole wake ndio ulionikasirisha zaidi.

Gharama ya upasuaji haikunisumbua. Watu wa Kariakoo huchangia harusi ya mtu wasiyemjua. Wakamchangia na mbwa, huku wanacheka. Nyumba ndiyo iliyokosekana. Nilimnadi kama ninavyonadi kitenge, naanza na kile ninachokipenda mimi. Nilikwenda kwa mzee mmoja wa Kiarabu mwenye duka la vyombo, mtu wa heshima zake, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikamwaga sifa: mpole huyo, mtulivu, habweki kabisa. Mzee alicheka mpaka akavua miwani.

"Habweki? Sasa mwanangu, si bora nifuge sungura?"

Hapo ndipo nilipozinduka. Mjini kwetu mbwa ni mlinzi, hana cheo kingine, na mimi, mfanyabiashara mzima, nilikuwa naisifia bidhaa kwa kasoro yake. Lakini kudanganya kwamba ni mkali nako ilikuwa kazi bure, maana ukimwona tu unajua. Fundi mmoja wa mtaa wa Gerezani aliniambia, "Dada, mguu mmoja hana, halafu mpole? Huyo, mwizi atambeba pamoja na redio." Mtu wa Kigamboni peke yake ndiye aliyemtaka, ila amfunge mnyororo getini mchana na usiku, wezi wamwone. Nilimjibu maneno ambayo hayaandikiki, na sijayajutia.

Siku zile zilipita kwangu kama usingizi wa mchana. Mvua ilianza na kukatika, ikaanza tena, rangi za khanga zilizoning'inizwa barazani zikaonekana zinaogelea kwenye madimbwi. Nikisinzia juu ya majora ya vitambaa nilimwota anakimbia juu ya maji ya Jangwani, miguu yote minne mizima, na maji hayatikisiki. Nikifumbua macho, mteja yuko mbele yangu anauliza kama rangi hii inachuja.

Kila jioni shangazi aliniuliza, "Yule kiumbe wako amekula?" Hakutaka kumwita mbwa. Alinifungia makoko ya wali kwenye mfuko nimpelekee, lakini kumwomba ua wake sikuthubutu. Tangu nikiwa mdogo amekuwa akisema malaika hawaingii nyumba yenye mbwa, na nani ashindane na malaika?

Alhamisi alikuja dukani kuchukua nyuzi zake. Badala ya kupita mbele alipita uchochoroni, nikamkuta amesimama, ameinua baibui lisiguse maji, wanatazamana na mbwa.

"Anabweka?" aliniuliza.

"Habweki, Shangazi." Nilijibu bila nguvu, maana sifa ile nilishajua inakoishia.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Alitikisa kichwa taratibu, akachukua nyuzi, akaenda zake.

Nilifunga duka, nikarudi nyumbani machozi yananitoka, kwa kuwa kesho yake ilikuwa Ijumaa. Uani, kando ya bomba, palikuwa na ndoo kuukuu ya rangi. Ilikuwa imejaa udongo mweusi, mbichi, wa bondeni. Pembeni yake vilikuwa viatu vya shangazi, vimejaa tope la Jangwani mpaka juu, naye goti lake humuuma hata akienda msikitini.

"Sitaki kelele nikiswali," alisema, macho kwenye kofia yake. "Huyo ananifaa."

"Na malaika, Shangazi?"

"Malaika ndani, yeye uani. Mlango si upo? Na mimi simgusi. Udongo huo ni wako."

Mbwa akakatwa mguu Ijumaa. Alirudi kwa mkokoteni, amelewa dawa, amefunikwa kitenge kipya ambacho sikukiuza. Kidonda kilikauka polepole. Akajifunza kuruka kwa miguu mitatu, akachagua pa kulala: chini ya kamba ambayo shangazi huanikia kofia.

Mwezi uliopita nilisafiri kwenda Kilwa kwenye msiba, nikakaa wiki nzima. Kabla ya kuondoka niliijaza ile ndoo mpaka juu, na shangazi akanicheka, akaniuliza naijazia nani wakati mshika mbwa anasafiri. Niliporudi alikuwa kibarazani anadarizi, mbwa amelala mbali naye kwa heshima zote. Nilikwenda bombani kunawa vumbi la safari. Ndoo ilikuwa tupu.

Niliichukua, nikashuka Jangwani kuchota udongo mwingine.