Mlango Uliochorwa Kitandani

Shemeji yangu tulimwita Pimamaji, kwa sababu alikuwa hawezi kukaa mezani bila kuinama kuangalia kama meza imelala sawa. Kazi yake, miaka thelathini na moja, ilikuwa milango ya vioo ya kusukuma, ile ya kutokea uani. Mtu wa kuudhi huyo! Ukimwita akupimie mlango, haanzi na futi. Anamwambia mama mwenye nyumba, "Hebu beba sinia, utoke kama unapeleka chai nje." Mama anatembea, yeye anatazama miguu. Ndipo anaamua: kioo cha kusogea kikae upande ule miguu ilikopita, tena kwenye reli ya ndani ili mwizi asikinyanyue, kile kisichosogea kikae reli ya nje, kikazwe kwa riveti na gundi. "Ukikosea kuvipanga," alikuwa akisema, "una dirisha la bei mbaya, huna mlango."

Na jambo moja aliwaimbia mafundi wenzake mpaka wakamchoka: mchoro wa mlango unauchora ukiwa umesimama nje, ukiitazama nyumba. Karakana nzima inasoma hivyo. Ukichora ukiwa ndani, kushoto kwako ni kulia kwao, na umekwisha.

Dada yangu, mkewe, aliugua saratani ya uti wa mgongo. Daktari alikataza kabisa kumnyanyua, na kitanda chake cha magurudumu hakikuweza kukata kona ya korido. Miezi minne alitazama dari. Siku moja akasema, "Baba watoto, sitaki kingine. Nataka jua linipige usoni." Daktari alikuwa ameshatuita pembeni na kutuambia zimebaki wiki, si miezi.

Pimamaji akapeleka mchoro karakana, akabomoa ukuta wa chumba upande wa uani. Mlango ulipofika, niliacha sufuria jikoni nikaja kuona. Aliufunga siku nzima, akaunyoosha, akasukuma kioo. Kikateleza vizuri, bila hata mlio, kikafungukia kwenye jukwaa la zege lililobeba tangi la maji. Upande wa pili, ambako uani kuko wazi, kilikaa kioo kisichosogea.

"We mzee, una wazimu?" nilimfokea. "Nyumba za watu unapatia, kwa dada yangu ndiyo unakosea?"

Alitoa mchoro mfukoni, akauangalia, akakaa sakafuni. Dada ndiye aliyesema, kwa kale kasauti kalikobaki: "Alichorea hapa kitandani. Nilimshika mkono, nikamwambia asiniache."

Jamani. Nilitamani ardhi inimeze.

Karakana walisema fremu mpya ni wiki mbili. Akachukua drili, akaanza kung'oa riveti za kile kioo. Ya kwanza, ya pili. Ya tatu dada akalia. "Kichwa, mume wangu, kinapasuka. Acha, utamaliza kesho." Akazima. Kesho yake akajaribu kwa patasi na nyundo, ikawa mbaya zaidi. Siku ya tatu hakugusa kitu; alikaa na drili mapajani mpaka jioni. Nilimwambia ajikaze, amalize tu, dada alie asilie. "Shemeji," akasema, "mimi siwezi." Nilimchukia. Nakiri, nilimchukia kabisa.

Siku ya tano asubuhi nilimpelekea dada maji ya kunawa uso. Nikamwita mara mbili, hakuitika. Nikapiga ukelele.

Majirani walikuwa ndiyo wanaingia getini niliposikia drili. Safari hii hakuna aliyemwomba azime. Hata nusu saa haikwisha, kioo kikawa kimetoka, kimeegemezwa ukutani. Akashika kitanda upande wa kichwa. Nami nikashika miguuni, ingawa kaka yetu mkubwa alikuwa ananikemea niache upuuzi mbele za watu. Kitanda kikatoka bila kugusa popote.

Jua lilikuwa limeshapanda, likampiga dada usoni. Nikavuta shuka nimfunike, kama inavyotakiwa. Pimamaji akanishika mkono.

"Bado, shemeji," akasema. "Ndiyo kwanza ametoka."