Folda ya Argelio Imekufa Tena

Argelio Pupo aliachana na mkewe, Zoraida, mbele ya hakimu, kisha wote wawili wakapanda basi moja kurudi nyumbani, kwa sababu nyumba ilikuwa moja na nyingine hakuna. Ndivyo ilivyo huku kwetu Kuba. Ndoa unaweza kuivunja asubuhi moja, lakini kupata pengine pa kulala ni kazi ya miaka. Basi Argelio akatafuta mbao za makreti, akapiga ukuta katikati ya sebule. Yeye akabaki upande wa barabarani, Zoraida akabaki upande wa uani. Ukuta wenyewe haukufika hata darini. Mmoja akipiga chafya, mwingine alikuwa akijibana asimtakie afya.

Waliachana kwa sababu ya nguruwe. Zoraida alimlisha nguruwe huyo maganda ya ndizi mwaka mzima, amchinje siku ya harusi ya binti yao, Lisbet. Timu ya mkoa iliposhinda besiboli, Argelio akamchoma na wenzake wa domino, wakamla mpaka masikio. Mtaa mzima ulikula. Na mimi nilikula, sikatai, lakini mimi sikuwa mume wa mwenye nguruwe.

Katika kugawana, Zoraida alichukua friji, cherehani na birika la kahawa. Argelio akachukua kitanda, redio na kompyuta kubwa yenye diski iliyobeba kila kitu: tamthilia za Kituruki, picha za harusi ya Lisbet, na mitindo yote ya magauni ya sherehe za mabinti wanaotimiza miaka kumi na mitano. Mitindo hiyo ndiyo riziki ya Zoraida, maana ni mshonaji. Hakimu akasema vilivyomo kwenye diski ni vya wote, wajue wenyewe watakavyofanya.

Argelio alijua la kufanya. Alikuwa mtunza stoo wa kiwanda cha sukari, na huko walifundishwa kutumia Linux, ule mfumo wa kuendeshea kompyuta usiouzwa, basi tangu siku hiyo mashine yoyote isiyo na Linux kwake ni kopo tu. Akamwekea Zoraida Linux kwenye kompyuta kuukuu, akatoboa ukuta wa mbao, akapitisha kebo ya buluu. Folda moja ikawa inaonekana pande zote mbili. Akaipa jina Mali ya Pamoja.

Sasa sikiliza ujanja wa yule mzee. Huku kwetu mtu akivuka kizingiti chako humwachi aondoke bila kikombe cha kahawa, hata akiwa yule mpuliza dawa ya mbu ambaye kila nyumba inamlaani. Argelio hakuwa na birika, ila alikuwa na folda. Folda ikifa, lazima aende upande wa pili kuangalia kulikoni. Akienda, lazima apewe kahawa. Tangu alipoligundua hilo, folda ikawa mgonjwa wa kudumu.

Mimi naitwa Idalmis, nafundisha kompyuta kwenye klabu ya mtaa, na nyumba yangu inatazamana na yao. Nisingeingia kwenye mambo yale kama Lisbet asingenipigia simu kutoka Las Tunas. Alikuwa amehangaika muda mrefu kuwatafutia wazazi wake watu wa kubadilishana nao nyumba, na hatimaye kawapata: familia yenye vinyumba viwili, kimoja mjini Holguín kwa ajili ya Zoraida, kingine Gibara, pwani, kwa ajili ya Argelio. Jumamosi watu hao wangekuja kutazama. Wakikubaliana, kila mmoja angeenda zake, na kebo ya buluu ingeng'olewa.

"Wamekubali wote wawili," Lisbet akaniambia. "Ila wananimaliza na hiyo folda. Mama ananipigia imekufa, baba ananipigia mama kamsingizia. Dada yangu, nenda kaitengeneze moja kwa moja, nipumue."

Nikaenda. Zoraida alikuwa ameketi mbele ya cherehani, pini mdomoni, na bado alisema wazi kuliko wengi wasio na pini.

"Huyo jirani kaniua tena," akasema. Tangu waachane alimwita jirani. "Nina gauni la binti wa Osniel hapa, nimefika kwenye mikono, sijui mikono yenyewe ikoje. Nikifungua folda kompyuta inaganda kama imeona mzimu."

"Tatizo liko huko huko kwake," sauti ikasema nyuma ya mbao. "Nije niangalie?"

"Mwambie asije," Zoraida akaniambia, kana kwamba ukuta ule ni wa mawe. "Mwambie nimemuuliza fundi, sijauliza ubao."

Nikakaa kwenye kompyuta yake. Kisanduku cha kuunganisha kebo kilikuwa na taa zake zote zinapepesa. Nikaiita mashine ya Argelio, ikaitika bila kuchelewa. Nikaiuliza inagawa folda zipi, ikakaa kimya. Basi mashine ilikuwa hai na kebo nzima, ila ile kazi ya kugawa ndiyo iliyozimwa. Umeme haukuwa umekatika tangu jana yake, kwa hiyo usingeweza kusingiziwa, na kazi hiyo haijizimi yenyewe. Kuna mkono.

Nikavuka upande wa Argelio. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi na kuchana nywele kwa maji, mtu anayesubiri kuitwa.

"Labda ni joto," akasema kabla sijauliza.

"Joto la kuchagua kazi moja tu, Mzee Argelio?"

"Linux ina mambo yake, binti yangu."

Niliamsha ile kazi, na papo hapo nikasikia upande wa pili Zoraida akisema, "Haya, mikono hiyo." Kisha, yule mzee alipogeuka kufunga dirisha, nikaipa mashine yake agizo dogo: kila mara kazi ya kugawa ikizimwa, iamke yenyewe ndani ya dakika. Nikazifunga pia anwani za mashine zote mbili zisibadilike, ili umeme ukikatika na kurudi zisipotezane. Sikumwambia mtu. Nilikuwa najichekea moyoni, na nadhani ilikuwa dhambi.

Kabla sijatoka Zoraida akanipa kahawa. Ilikuwa ya mgao wa serikali, ile iliyochanganywa na njegere za kukaanga. Nikainywa kwa adabu, ingawa nilijua ana kopo la kahawa halisi ya milimani nyuma ya mchele.

Siku mbili baadaye Argelio akaja kibarazani kwangu, kofia mkononi, akauliza habari za mama yangu, za kuku wangu, na za dari langu linalovuja. Nikamwacha azunguke.

"Ile folda," akasema mwishowe, "inafanya kazi."

"Si ndiyo vizuri?"

"Inafanya kazi mno."

"Mno vipi?"

"Kitu cha kawaida hupumzika, Idalmis. Hiki hakipumziki. Naogopa kwa ajili ya diski."

"Umejaribu kukizima?"

"Nani? Mimi? Nikizime ili iweje?"

"Basi kama hujakizima, umejuaje hakizimiki?"

Akaigeuza kofia ndani nje. Nilikuwa na maneno mengine matamu ya kumchoma, lakini nikamtazama usoni nikayameza. Mzee alikuwa na huzuni ya kweli.

"Jumamosi wanakuja," akasema. "Wanasema huko Gibara kuna upepo mzuri. Mimi upepo wa nini? Nitaamka asubuhi nisikilize nini, mawimbi? Nimezoea kusikia cherehani."

"Si ukatae."

"Nikikataa mimi atasema bado namng'ang'ania. Akitaka tubaki, aseme yeye."

"Na yeye akiwa anangoja useme wewe?"

"Yule hajawahi kungoja mtu tangu azaliwe," akasema, akavaa kofia yake na kuondoka.

Nilijilaumu. Nilikuwa nimemnyang'anya mzee kahawa yake, tena wiki ya mwisho. Ijumaa asubuhi nikabeba mkoba wangu wa vifaa niende nikaliondoe lile agizo, niseme ni kosa langu. Nilianzia kwa Zoraida, nikapita uani, kwa mlango wa jikoni, kama jirani anavyopita.

Harufu ilinifikia kabla ya kubisha. Kahawa halisi, ya kopo la nyuma ya mchele, inachemka kwenye birika. Juu ya meza kitambaa kilichotariziwa, na juu yake vikombe viwili vidogo. Zoraida alikuwa amepaka rangi mdomoni. Aliponiona uso ukamwanguka.

"Ah," akasema. "Ni wewe."

"Ulikuwa unamtegemea nani?"

"Simtegemei mtu. Folda imekufa, ndiyo kwanza nataka kumpigia ukuta huyo jirani."

Imekufa? Haiwezekani. Agizo langu hakuna ujanja wa kulishinda. Nikatazama kile kisanduku: taa moja imezimika. Nikainama chini ya meza ya cherehani, nikafuata kebo mpaka kwenye kompyuta yake. Ilikuwa imechomoka. Nikairudisha, ikaingia vizuri. Nikagusa pedali ya cherehani, meza ikatikisika kidogo, kebo ikatoka tena taratibu. Nikaishika ile ncha nikaiangalia kwenye mwanga. Kile kishikizo kidogo cha plastiki kinachoifunga isitoke kilikuwa hakipo. Hakikuvunjika. Kilikatwa, tena kwa mkato safi ulionyooka.

"Panya," Zoraida akasema juu yangu.

"Panya gani anakata kama mkasi wa kitambaa?"

"Panya wa mtaa huu wamesoma."

Nilikaa pale chini ya meza nikicheka kimya mpaka machozi. Wiki nzima folda yake ilikuwa inafanya kazi mno, na wiki nzima hakuna aliyebisha mlango wake. Mkobani mwangu nilikuwa na vishikizo vipya mfuko mzima.

"Utaitengeneza?" akauliza. Hakuuliza kama mtu anayetaka itengenezwe.

"Sina kifaa chake," nikasema. "Bi Zoraida, kwa nini usimwambie tu?"

"Nimwambie nini? Alimla nguruwe wangu. Akitaka kubaki, aseme yeye."

Akanimiminia kahawa. Alikuwa na birika la pili, dogo, la kahawa ya njegere, na ndilo alilonimiminia.

Jumamosi wageni wakaja, mume na mke kutoka Holguín, watu wema. Lisbet aliniomba niwepo niwe macho yake. Wakatembea pande zote mbili, wakagonga kuta, wakafungua bomba, wakalisifia dari. Mke alikuwa ameshachagua mahali pa kuweka kitanda cha mama yake. Ukuta wa mbao wangeubomoa siku ya kwanza tu, akasema, sebule ipumue.

"Kwetu sisi ni sawa," mume akasema. "Na nyie?"

"Mimi sina neno," Argelio akasema. "Akitaka yeye."

"Mimi sina neno," Zoraida akasema. "Akitaka yeye."

Mgeni akatoa kalamu mfukoni, akaibonyeza, akaangalia huku na huku pa kuandikia. Nilimtazama Argelio, nilimtazama Zoraida, na nilitamani kuwagonganisha vichwa vyao vigumu vile. Zoraida akarudi kwenye cherehani yake akaketi, mtu aliyekwisha kukata tamaa na anayetafuta cha kufanya na miguu. Akakanyaga pedali. Meza ikatikisika.

"Folda imekufa," akasema polepole.

"Leo?" Argelio akauliza. "Haiwezi kufa. Mimi sija..." Akajikata. "Ngoja niangalie."

Akapiga magoti, akaingia chini ya meza na shati lake la pasi. Tukaona nyayo zake tu. Nilijua amefika kwenye ile ncha, kwa sababu nyayo zilitulia. Zoraida alikuwa anaukunja na kuukunjua upindo wa gauni la watu, uso mwekundu mpaka shingoni.

"Ni tatizo kubwa?" mgeni akauliza.

"Kubwa," Argelio akajibu kutoka chini ya meza. "Hili si la leo. Wala la mwaka huu. Samahani sana, ndugu yangu, mmetoka mbali. Sisi hatuwezi kuhama na tatizo kama hili."

Mgeni akanigeukia mimi. "Dada, wewe si ndiye fundi? Kweli kebo moja inaweza kuzuia nyumba?"

Vile vishikizo vilikuwa mkobani, begani kwangu. Nikaubana mkoba kwa kiwiko.

"Ni Linux, kaka," nikasema. "Ina mambo yake."

Zoraida akainuka kwenda jikoni. Tukasikia mfuko wa mchele ukisogezwa.

"Toka huko chini, Argelio," akasema kutoka huko. Nilikuwa sijamsikia akilitaja jina hilo tangu nguruwe. "Kahawa inapoa."

Argelio akatoka na vumbi la vitambaa nywelini, ile ncha ya kebo bado mkononi, akaenda moja kwa moja jikoni bila kutuaga. Wageni nao walipewa kahawa, hawangeondoka hivihivi. Na mimi nikapewa. Nilionja, nikaangalia kikombe, nikaangalia mlango wa jikoni.

Ya njegere.