Ekzosi ya Gari la Majani Mabichi

Saa moja na dakika kumi na mbili asubuhi, siku ya Jumatatu, Foromani wa karakana alinipa kitambaa kilicholowa maji akaniambia nikazibe ekzosi ya lori lililokuwa linanguruma. Nilikuwa nimeajiriwa kwa dakika kumi na mbili. Karakana hiyo ilikuwa ya kiwanda kimoja cha chai karibu na mji wa Kericho. Baba yangu alitoka upande wa Kisii kuja kuchuma majani hapo, nami nikazaliwa katika nyumba za wafanyakazi. Sikuwa nimesomea ufundi popote. Nilikuwa na cheti cha shule ya msingi na kitabu cha injini kisichokuwa na jalada, ambacho nilikuwa nimekisoma mara nne.

"Ziba, usiogope," Foromani alisema. "Sasa funga mdomo, ufungue masikio."

Niliziba. Chini ya lori, hatua mbili kutoka nilipochuchumaa, nikasikia sauti kama ya nyoka. Foromani akaelekeza kidole: hapo ndipo panapovuja. Moshi ukinyimwa mlango wa nyuma hutafuta tundu lolote lililo karibu. Nilifurahi sana hata mkono ukalegea, kitambaa kikaruka kikampiga Afisa Usafiri kwenye goti. Alikuwa amekuja kuuliza lori litatoka saa ngapi.

"Huyu ni nani?" Afisa Usafiri aliuliza, akitazama suruali yake ya kaki.

"Ni mpya, bwana Afisa."

"Mpya amenifulia nguo bila kuagizwa. Mwandikeni kazi ya kufua."

Foromani alicheka mpaka akakaa kwenye tairi. Nilijua hapo kwamba nimepata kazi nitakayoipenda.

Nilikaa chini ya Foromani huyo miaka sita. Kwa faida ya vijana wanaodhani ekzosi ni lile bomba linaloonekana nyuma tu, nieleze alivyonifundisha. Moshi hutoka kwenye injini ukapokewa na manifoldi, yaani kile chuma chenye mikono kadhaa inayokutana pamoja. Kutoka hapo unapita kwenye bomba la mbele, unaingia kwenye sailensa, ambayo ni lile kopo kubwa la kupunguza kelele, kisha unatoka kwa bomba la mkia. Kila kiungo kina gasketi ya kuziba, na mfumo mzima unaning'inia kwenye raba ili usigonge bodi. Foromani hakuniruhusu kununua kitu chochote kabla sijakikagua kwa mikono. Sailensa aliitikisa kwanza. Ikichezacheza ndani kama njugu, kuta zake zimeoza. Kisha aliigonga kwa mpini wa bisibisi kuanzia mbele hadi nyuma, hasa upande wa chini ambako maji hutuama. Chuma kizima hulia. Kilichooza hujibu kama mbao.

Kutoka kiwandani nilikwenda gereji moja ya Kapsoit. Meneja wa pale alikuwa mtu mchangamfu aliyependa kelele. Wateja wake wengi walikuwa vijana waliotaka gari lisikike kabla halijaonekana. Mwalimu mmoja alileta gari dogo la injini ya elfu moja mia tatu, akataka bomba nene kama la basi.

"Mteja akitaka, tunampa," Meneja aliniambia.

Tulimpa. Baada ya siku tatu mwalimu alirudi kwa miguu kumwita Meneja aje alitazame gari, kwa sababu lilikuwa likipanda mlima kwa shida kuliko zamani. Bomba likiwa pana mno kwa injini ndogo, moshi hupoteza mwendo, na injini hulegea hasa pale unapohitaji nguvu ukiwa mwendo wa chini. Nilikuwa nimesoma jambo hilo, lakini sikuwa na cheo cha kumwambia Meneja. Tulirudisha bomba la kipimo cha zamani. Mwalimu aliomba tumwachie lile jipya, akalifanya mguu wa tangi la maji, nalo lilifanya kazi hiyo vizuri.

Kituo cha tatu kilikuwa Chebunyo, kwenye gereji iliyo jirani na soko la mifugo. Hapo mwajiri wangu alikuwa mama mjane tuliyemwita Mkurugenzi, naye alilipenda jina hilo. Magari ya Chebunyo yalibeba ng'ombe. Ili ng'ombe wapande, dereva hurudisha pikapu nyuma hadi kwenye ukingo wa udongo, na mara nyingi bomba la mkia huingia ndani ya ukingo likajaa tope au likapinda. Dawa ya Mkurugenzi ilikuwa msumeno.

"Kata fupi, liishie chini ya bodi," alisema. "Lisilotokeza haligongwi."

Ilikuwa kazi ya dakika kumi, mteja anafurahi, nasi tunafurahi. Nilikata mikia mingi sana Chebunyo. Ng'ombe hawakuwahi kulalamika.

Hatimaye nilifungua banda langu katika eneo la chai la Bomet, kwenye barabara ya marami, yaani ya changarawe nyekundu, inayopanda kati ya mashamba. Pikapu za huko hubeba majani mabichi kutoka vituo vya wakulima, na kila kituo kina ukingo wa udongo wa kupakilia. Nikaona ukingo, nikakumbuka dawa, nikaendelea kukata. Miaka sita nilifanya kazi kwenye malori ya kiwanda, na kila lori lilikuwa na mkia mrefu uliofika nyuma kabisa. Sikuwahi kujiuliza kwa nini.

Mama Chelang'at alikuja asubuhi moja ya Ijumaa. Alikuwa na pikapu ya dizeli yenye bodi ya mbao, na alikuwa amepewa kazi ya kupeleka kiwandani majani ya kikundi cha wakulima wa milimani. Kwa kazi hiyo alikuwa akilipa mkopo wa gari na karo ya binti yake. Mkia wa pikapu yake nilikuwa nimeukata mimi, miezi miwili kabla.

"Chamgei, Fundi," alinisalimu kwa Kikalenjin.

"Chamgei mising, Mama. Gari linasumbua?"

"Gari haliumwi. Ni majani yanaumwa. Afisa Majani wa kiwanda amenirudishia magunia manane, anasema yananuka moshi. Amenipa mpaka Jumatatu. Yakinuka tena, kazi anampa mtu mwingine."

Niliingia chini ya gari nikiwa na tochi. Sikuhitaji tochi. Mkia uliishia chini ya bodi, na mbao zilizokuwa juu yake zilikuwa nyeusi. Gari likipanda mlima polepole, moshi wote ulipenya kati ya mbao ukaingia kwenye mzigo, na jani la chai hushika harufu haraka kuliko kitu chochote ninachokijua. Nilitoka, nikajipangusa.

"Mama, huu mkato ni wangu. Kosa ni langu."

"Basi umefanya vizuri kusema. Mimi nilikuwa nimejiandaa kubishana mpaka saa sita." Kisha akatoa karatasi kwenye mkoba. "Kuna kijana wa duka mjini ameniambia niweke hii. Bomba la kung'aa, linapanda nyuma ya kebini kama la trela. Elfu thelathini na nane na mia tano."

"Umelipenda?"

"Fundi, nani hatapenda? Linang'aa kama sufuria ya harusi."

Ilibidi nimweleze kwamba bomba la namna hiyo lingemwaga moshi juu ya magunia yaleyale, safari hii kutoka juu. Alikunja karatasi taratibu. "Haya. Nionyeshe lisilong'aa."

Ijumaa hiyohiyo tulikwenda pamoja kwa muuza vipuri vya mitumba mjini Kericho. Niligonga sailensa tisa. Mama Chelang'at alizitikisa baada yangu, na ile ya tano ilipolia njugu akamwambia muuzaji, "Hii ina mahindi ndani, wapelekee kuku." Muuzaji alituapia kwamba nyingine ni ya chuma kisichoshika kutu, kwa kuwa sumaku haiishiki sana. Nilichukua kisu, nikakwangua rangi nene iliyopakwa juu, na sumaku ikaganda. Niseme ukweli, sumaku pekee haitoshi kuhukumu, maana kuna chuma kizuri kisichoshika kutu ambacho sumaku hukipenda. Lakini muuzaji anayepaka rangi nene ana la kuficha. Tulichukua ya saba, yenye ngozi ya alumini, yenye kipenyo kilekile cha bomba la asili.

Jumamosi nililehemu mkia mpya. Niliupitisha juu ya ekseli, nikaufikisha pembe ya nyuma, kisha nikaukunja utokee kando upande wa kulia. Upande wa kushoto ni wa watu wanaotembea kandokando ya barabara, nao hawana haja ya moshi wetu. Mdomo wake niliuacha ndani ya mstari wa bampa, ili ukingo ugonge bampa kwanza. Niliziba kwa kitambaa chenye maji, nikasikiliza kila kiungo. Kimya. Tukapakia gunia moja la majani, tukapanda mlima na kurudi.

Majani yalinuka moshi.

Nilifungua viungo vyote. Nilibadilisha gasketi ya mbele iliyokuwa bado nzima. Tukapanda mlima tena. Yakanuka tena. Saa kumi na moja jioni nilikuwa nimelala chini ya gari, mgongo kwenye tope. Mama Chelang'at alikuwa ameketi kwenye kigogo, ameweka pua ndani ya gunia tupu.

"Fundi, toka huko."

"Bado naangalia manifoldi, Mama."

"Wewe unanusa gari tangu asubuhi. Hebu nusa gunia."

Nilinusa. Gunia lenyewe lilikuwa limekunywa moshi wa miezi miwili. Mimi niliyejisifu kwa kwenda hatua kwa hatua, nilikuwa nimekagua kila kitu isipokuwa kile kinachogusa majani. Mama aliingia kwenye kebini akatoa shuka jeupe alilokuwa akimpelekea dada yake, akayafunga majani mapya ndani yake, na mara ya tatu tukapanda mlima. Tulipofungua, yalinuka majani tu. Alipiga vigelegele pale kilimani, na wachumaji wa shamba la jirani wakamjibu bila kujua sababu.

Jumapili, baada ya ibada, wanawake watano wa kikundi chake walifua magunia yote mtoni. Jumatatu nilikwenda naye kiwandani, maana nilitaka kusikia kwa masikio yangu. Afisa Majani alichota majani kutoka katikati ya gunia la kwanza, akanusa. Akachota gunia la mwisho, akanusa tena, akafumba macho.

"Haya yananuka nini?" Mama Chelang'at alimuuliza, hawezi kusubiri.

"Yananuka chai, Mama. Ulitaka yanuke nini? Shusha mzigo, kuna foleni."

Wiki hiyo nilianza kuwaita wateja wote niliowakatia mikia. Niliwarefushia bila kuwatoza kazi, mmoja baada ya mwingine, na wengi waliniletea maziwa.

Sasa nimestaafu, kwa sababu mgongo wangu haukubali tena kulala chini ya magari. Vijana huja nyumbani wakiniuliza ekzosi gani nzuri kwa mtu asiye na pesa nyingi. Huwauliza kwanza gari linabeba nini na linapita wapi. Anayejibu hilo vizuri hupata nusu ya jibu lake, na nusu nyingine huipata kwa kugonga na kutikisa, bila kuacha kipimo cha bomba la asili. Kung'aa si kubaya, mradi kuwe kitu cha mwisho kuulizwa.

Na kwa wale wapendao hesabu, ya Mama Chelang'at ilikuwa hivi: sailensa elfu nne na mia tano, mabomba na kona elfu tatu na mia mbili, gasketi na raba elfu moja na mia moja, kazi yangu bure. Sabuni ya magunia mia mbili, ambayo yeye mwenyewe alidai iandikwe. Jumla elfu tisa. Ukitoa kwenye bei ya lile bomba la kung'aa, aliokoa shilingi elfu ishirini na tisa na mia tano.